Shule ya urubani hapo Wilson: venye wanachagua mwanafunzi bora ndio imenifanya niwape nyota nne

Wacha nianze na jibu juu watu wameniuliza sana, kwa familia, kwa chama, mpaka kanisani: hiyo shule ya urubani kijana wenu anasomea hapo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ni nzuri ama ni ya kula pesa tu? Ni nzuri. Nimewapa nyota nne kwa tano na hiyo moja nimekata nitaeleza huko chini. Mimi si rubani, mimi ni anti, ndio nalipa karo ya mtoto wa dadangu, kwa hivyo naangalia vitu kwa macho ya mtu anayetoa pesa na anayebaki chini akiangalia juu. Jina la shule siliweki. Msichana aliyepewa tuzo ya mwanafunzi bora mwaka huu ni mtu mzima, hajaniomba nimwanike mtandaoni, na nikitaja shule tu kila mtu hapo uwanjani atajua ni nani. Lakini shule ziko kadhaa hapo, ukienda na maswali nitakayokupa utaitambua yenyewe.

Na sababu kubwa ya hizo nyota nne si ndege zao wala madarasa wala venye wamepaka rangi ofisi. Ni hiyo tuzo. Nimehudhuria hafla nyingi za shule maishani, unajua venye huwa, mgeni wa heshima anachelewa, hotuba ndefu, halafu mtoto wa namba moja anaitwa anapewa kikombe watu wanapiga makofi, mnakula pilau mnaenda nyumbani na hujui huyo mtoto alifanya nini haswa zaidi ya kupata maksi. Hapa nilitoka nikijua kabisa kwa nini huyo msichana na si mwingine, na nilitoka nikiwa nimetulia roho kuhusu kijana wetu pia.

Ili uelewe kwa nini nasema kutulia roho, lazima ujue Wilson yenyewe. Uwanja ni wa zamani, jina ni la Florence Kerr Wilson, yule mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka wa 1929, na mpaka leo ni uwanja wa shughuli si mchezo. Kuna ndege za watalii zinakimbia Mara, kuna za Flying Doctors wa AMREF ambazo zikitoka huwa kuna mtu mahali anapigania maisha yake, kuna helikopta, kuna za mizigo, na katikati ya hao wote kuna mtoto wako ndani ya kindege cha viti vinne anajifunza kuongea na tawa, wale wa kuongoza ndege, bila kugugumia. Upande mmoja Lang'ata Road na msongamano wake, upande wa kusini mbuga ya Nairobi. Kisha tuko juu sana, Wilson iko karibu futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 15 kuliko Mombasa, na hizi injini ndogo hazina tabo ya kuzisukumia hewa ndani, kwa hivyo nguvu inapungua, bawa halibebi vizuri, ndege inakula ranwei ndefu ndio inyanyuke. Jua likiwaka mchana ikafika digrii 25 hivi, ndege inajisikia kama iko karibu futi 8,000. Kijana alinieleza haya yote mezani na mahesabu kwa karatasi, nikasema sawa, angalau hizi ndio vitu wanafundishwa.

Halafu hakuna mzazi wa mwanafunzi wa urubani Nairobi ambaye hakumbuki Machi 5, 2024. Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya mbuga, kitambo kidogo tu baada ya kuruka kutoka Wilson. Ile kubwa ilirudi ikatua salama na watu wake, lakini wawili waliokuwa kwa Cessna, mwalimu na mwanafunzi, walifariki. Mungu awapumzishe. Sisi wengine tulikuwa na fomu za kujiunga mkononi tukaziweka kando kwanza tukaanza kuuliza maswali upya. Kwa hivyo shule ikiniambia mwanafunzi wao bora ni huyu, swali langu la kwanza si alipata maksi ngapi, swali langu ni, akiwa huko juu anaamua aje? Na wenzake wakiwa naye wanakuwa salama zaidi ama la?

Sasa hafla. Ilikuwa Jumamosi asubuhi ndani ya hanga, lile banda la ndege, ndege zimesukumwa nje zikapangwa, viti vya plastiki, sakafu bado inanuka oili, hakuna hema wala maua. Instrakta mkuu, Kapteni mmoja mzee mwenye sauti ya chini, alikuja na faili. Si hotuba, faili. Hilo ndilo faili la mafunzo la huyo msichana, kila safari ya ndege instrakta huandika maoni, na kwa ruhusa yake akaanza kutusomea. Akaanza na mabaya. Anachelewa kuvuta pua wakati wa kutua. Anaangalia geji sana, haangalii nje. Redioni anaongea haraka, arudie maagizo neno kwa neno. Watu wakacheka kidogo, yeye mwenyewe akacheka. Halafu karatasi zinavyosonga unasikia mtu anabadilika, ile makosa ya kwanza haijirudii, inakuja ingine ndogo, nayo inaisha, mpaka ukifika katikati ya faili instrakta mmoja ameandika tu kwamba leo sikugusa usukani wala kusema kitu.

Hapo nikaona hii ndio njia ya kumpongeza mtu. Ujuzi wa kurusha ndege hauonekani ukisimama jukwaani na tai, unaonekana kwa hizo karatasi, siku kwa siku, na kila mwanafunzi aliyekaa hapo nyuma alijua faili lake pia liko na maoni kama hayo ya mwanzo. Kijana wetu alikuwa ameinama anasikiliza kabisa, simu mfukoni, kitu sijawahi ona kanisani.

Kisha Kapteni akafika safari ya maili 300. Kwa wale hawajui, ukitaka leseni ya biashara, ile CPL, lazima ufanye safari moja ndefu ukiwa peke yako, maili 300 za baharini, ni kama kilomita 540, na utue viwanja viwili tofauti. Yeye alipangiwa Wilson, Kisumu, Eldoret, kurudi Wilson. Kisumu sawa, Eldoret sawa. Akitoka Eldoret kurudi, akaona mawingu yamekalia kingo za Bonde la Ufa, si ya mvua kubwa, ni yale ya kutanda tu, na bado kulikuwa na upenyo. Mtu angejipenyeza. Ndege ilikuwa inahitajika kesho yake asubuhi na mwanafunzi mwingine, mtihani wa huyu msichana mwenyewe ulikuwa wiki hiyo hiyo, na saa za ndege ni za kulipa, mnajua saa moja ya hizi ndege ni kodi ya mwezi ya wan bedrumu huku kwetu. Akageuza. Akarudi Eldoret akatua, akafunga ndege na kamba vizuri, akapiga simu ofisini akasema nimerudi Eldoret, hali ni hii, nitaangalia tena kesho asubuhi. Akalala huko. Mtihani ukasukumwa.

Kapteni akafunga faili hapo akatuangalia akasema, “Wazazi, hii ndio kurasa niliyomchagulia. Sijamchagua kwa sababu alifika. Nimemchagua kwa sababu alirudi na akapiga simu bila kuogopa mimi nitasema nini.”

Kulikuwa na mzee mmoja karibu na mimi, baba ya mwanafunzi mwingine, akanong'ona sasa hiyo si ni kushindwa kumaliza safari? Namuelewa. Sisi tumelelewa kwamba bora ni anayemaliza. Lakini fikiria shule ambayo ingemkaripia juu ndege ilichelewa kurudi. Mwanafunzi wa pili akiona mawingu atafanya nini? Atapita. Tuzo ikipewa anayepita, unafundisha darasa zima kupita. Hiyo peke yake kwangu inatosha kulipa karo ya shule hii na si ile ingine.

Upande wa uongozi ndio ulinishangaza zaidi, kwa sababu nilidhani uongozi ni kuwa kiranja, kuita watu mstarini. Hapana. Hawa walimuita fundi aongee. Fundi wa ndege, na ovaroli yake, mikono bado ina grisi, aliyesimama kwa aibu akasema hajazoea maiki. Alisema wanafunzi wengi wakirudisha ndege na shida wanaandika kwa kitabu injini inasumbua, halafu wanaenda nyumbani, na yeye anabaki akitafuta kitu asichokijua usiku mzima. Huyu dada, akasema, anaandika ilisumbua wakati gani, futi ngapi, geji ilisoma aje, ni magneto, kile kifaa cha kutoa cheche za injini, ya kushoto ama ya kulia iliyoshusha mzunguko wa injini wakati wa kujaribu kabla ya kuruka. Halafu anangoja nimuulize maswali. “Ananiheshimu kazi,” akasema, akakaa chini. Makofi ya fundi yalizidi ya Kapteni, nawaambia ukweli.

Kisha kuna jambo la mafuta ambalo kijana wetu alikuwepo na ndio alinisimulia kwa gari tukirudi. Usiku ulikuwa umenyesha ile mvua ya Nairobi ya Aprili, asubuhi wanafunzi wako nje wanakagua ndege, kila mtu na yake. Kabla ya kuruka unachukua kikombe kidogo cha plastiki cha kuona ndani, unasukuma vali chini ya bawa, mafuta yanatoka kidogo unayainua juani kuyaangalia. Mafuta ya hizi ndege yamewekwa rangi ya buluu ili uyatambue, na maji yakiwa yameingia yanakaa chini ya kikombe kama tone lisilo na rangi, juu maji ni mazito kuliko petroli. Maji yakifika kwa injini ukiwa unaruka, injini inazima, na hapo Wilson mbele yako ni nyumba za watu. Kijana wetu aliona kikombe chake kiko sawa, akamwaga akaendelea. Huyo msichana, ndege ya tatu kutoka yake, akapata maji. Akatoa tena, bado maji. Akatoa tena na tena, pia kwa vali ya chini ya injini, mpaka yakatoka safi, akatingisha bawa, akangoja yatulie, akatoa tena.

Mpaka hapo ni ujuzi, kila mtu anafaa kufanya hivyo. Lakini badala ya kupanda aende zake, alienda kwanza kwa fundi akamwambia mfuniko wa tanki ya kulia mpira wake umechoka, akaandika kwa kitabu cha kasoro, kisha akapita ndege moja baada ya ingine akiwaambia wenzake nimepata maji kwangu, zote zimelala nje kwa mvua moja, rudieni. Alipofika kwa kijana wetu hakumwambia umefanya haraka. Alimwambia, “Bro, hebu nionyeshe chako tuangalie pamoja.” Wakatoa. Kulikuwa na tone moja dogo. Kijana hakunificha, na aliniambia sista huyo hakuwahi kumtaja kwa mtu, si kwa instrakta, si kwa wenzake. Wakatoa mpaka yakawa safi basi.

Mimi nikiwa nimekaa na hiyo stori kwa jam ya Lang'ata Road nilitaka kurudi nimkumbatie huyo mtoto wa wenyewe.

Na kuna kile kitu anachofanya jioni, hiki nimekiona kwa macho yangu nikimngoja kijana. Hapo kwa parkingi nyuma ya hanga wanafunzi wapya wanatembea kwa mstari wa pembe nne, kama watoto wanacheza, kumbe wanatembea sakiti, ule mzunguko wa kuruka na kurudi kutua. Mmoja anajifanya tawa, anasimama juu ya kreti ya soda, wengine wanatembea wakisema maneno ya redio kwa sauti, wakigeuka kona wanataja wako wapi, wakipewa maagizo wanayarudia. Ukikosea unarudi mwanzo wa ranwei, ambayo ni mstari wa chaki. Yeye ndiye alianzisha hiyo, hakuna aliyemtuma, na saa za chini hazilipiwi hata shilingi. Mzazi, wewe unajua saa ngapi za ndege mtoto wako anaweza poteza huko juu akigugumia redioni na injini inawaka? Huyo msichana ameokolea wazazi wengine pesa nyingi na hawamjui hata sura.

Kapteni alimalizia na mambo ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania, na hapo ndipo hata yule mzee wa kunong'ona alinyamaza. Machi 27, 1977, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana kwa ranwei kwenye ukungu, watu 583 wakafa, mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Kapteni wa KLM alikuwa mtu mkubwa sana kwa kampuni, alikuwa ana haraka, akaanza kukimbia kabla hajaruhusiwa kuruka, na injinia wake aliuliza kama ile ndege ingine imeshatoka njiani, akapuuzwa. Baada ya hiyo na ajali zingine za miaka hiyo ndio dunia ya ndege ikaanza kufundisha marubani kusikilizana, mdogo aongee na mkubwa asikie. Akasema shule yake haitafuti mwanafunzi ambaye wenzake wanamuogopa, inatafuta yule ambaye ukiwa naye kwa chumba cha rubani unaweza kumwambia umekosea, na yeye akikuambia umekosea huaibiki. Ndio maana wanaulizia mafundi, dada wa dawati na wanafunzi wa chini yake kabla ya kuamua. Maksi za darasani lazima ziwe juu, hilo halina mjadala, lakini hazitoshi.

Zawadi yenyewe ni cheti, mabawa ya kubandika kifuani, na saa kadhaa za ndege za bure, na hizo saa ndizo zawadi ya maana kwa mtu anayetafuta kufikisha 200 za leseni ya biashara. Mamake alikuwa hapo na kitenge kipya, alilia. Msichana alishika maiki akasema asante kwa fundi kwanza, halafu mamake, halafu wenzake wa parkingi, akakaa. Kina dada wadogo waliokuja na wazazi wao walimzunguka wakipiga picha. Tuna Kapteni Irene Koki Mutungi, Mkenya, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Dreamliner, ile Boeing 787, kwa hivyo hakuna msichana hapa wa kuambiwa haiwezekani, lakini kumuona mtu wa rika lako akiwa amesimama hanga ya Wilson na oili kwa viatu ni kitu kingine kabisa.

Sasa hiyo nyota moja. Ofisi yao ya pesa inachosha. Ankara inakuja na vitu ambavyo havijaelezwa, ada ya kutua huku, ada ya kule, ukipiga simu inaita mpaka inakatika, ukienda unaambiwa anayehusika ametoka. Ndege moja ililala hanga muda mrefu ikingoja spea na ratiba ya wanafunzi ikavurugika, na hakuna aliyetutumia hata meseji ya kueleza. Kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi za Nairobi zina mawingu ya chini, hilo si kosa la shule, lakini wangepanga madarasa ya chini, yale yasiyo ya kuruka, wakati huo badala ya kuwaacha vijana wamekaa benchi wakingoja anga ifunguke. Watu wanaojua kuandika faili safi hivyo wanaweza kuandika ankara safi pia.

Na kwa tuzo pia niko na neno. Vigezo viwekwe kwa ubao kutoka siku ya kwanza mtoto anajiunga, kwa maandishi, kwamba tunaangalia uamuzi, tunaangalia venye unaandika kasoro, tunauliza fundi. Mimi nilijua siku ya hafla tu. Wazazi wengine walitoka wakinung'unika kwamba mtoto wao ndiye alimaliza masomo mapema zaidi, na sidhani wangenung'unika kama wangekuwa wameambiwa mapema. Pia wafikirie tuzo ya fundi anayejifunza kazi, juu hao nao wako hapo na hakuna anayewaita mbele.

Kama unatafuta shule, usiende siku wamekualika. Nenda asubuhi ya kawaida saa ambazo ndege zinakaguliwa, omba ukae mahali unaona, uangalie wanafunzi wanafanya nini na kile kikombe cha mafuta. Uliza ni nani alikuwa mwanafunzi bora wa mwisho na kwa nini. Wakikujibu na maksi peke yake, asante, endelea na shule ingine. Uliza pia mwanafunzi akighairi safari kwa sababu ya hali ya hewa nani analipa na nani anamkasirikia. Hapa kwetu ada ya kutua Eldoret mara ya pili shule ilibeba yenyewe, nilimuuliza Kapteni mwenyewe nikiwa natoka, akaniambia hiyo ni sera yao kwa kila mwanafunzi, si kwa huyo tu.